Mungu Hana Kiberiti

Nakumbuka siku ile vizuri, mwanangu, na hasira yake haijaniisha. Leo asubuhi uliponiamkia shikamoo, kisha ukaniambia kesho unaichoma ngitili, marahaba niliitika kwa mdomo tu. Eti majani yamekauka hayana kazi, bora yachipue mabichi! Hebu kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa mke mpya hapa, nimeletwa kutoka Urambo. Ngitili yetu hii, malisho tunayoyafunga tangu masika ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikaze, ilikuwa na nyasi za kufika kiunoni. Baba yako mdogo Kulwa, kijana wa haraka kama wewe, akasema maneno haya haya. Akawasha moto mchana kweupe, tena anacheka.

Bibi yako, mkwe wangu, hakupiga kelele. Alikuja na ungo wake mkononi, akasimama kwenye majivu.

"Kulwa, umechoma chakula cha Oktoba, halafu unacheka?"

"Mama, subiri kidogo utaona kijani."

"Nitaona. Na wewe utaona."

Kijani kilikuja kweli, nisiseme uongo. Ng'ombe wakakinyofoa mpaka udongo. Kikajaribu tena, wakakinyofoa tena, kisha hakikurudi. Oktoba ilipofika tulikuwa tunaamka alfajiri kuwainua ng'ombe kwa kuwashika mikia, maana hawana nguvu ya kusimama. Ndama walinyonya chuchu kavu. Dada yako alikuwa mchanga, na mimi nilimkorogea uji wa maji matupu huku nikimtazama Kulwa kwa jicho ambalo mpaka leo silijutii. Alilia, lakini ng'ombe hafufuki kwa machozi. Mchuma janga hula na wa kwao. Mvua ya kwanza ikasomba majivu pamoja na udongo mpaka mbugani, na wanaume wakakaa wakisema Mungu ametuadhibu. Mungu gani? Mungu ana kiberiti?

Mwezi uliopita bwana mifugo alipokuja hapa, wewe ulikuwa unachezea simu. Mimi nilisikiliza. Alisema nyasi huweka akiba kwenye mizizi, na zikinyofolewa changa kila mara hula akiba hiyo mpaka zikafa. Akasema minyoo michanga hukaa kwenye majani mafupi karibu na ardhi, ndiyo maana ng'ombe wa malisho yaliyokwanguliwa hukonda hata ukiwanywesha dawa. Bibi yako hakuyajua hayo ya minyoo. Njaa aliijua. Sasa wote wawili wanakuambia jambo moja, na wewe bado unatafuta kiberiti!

Basi sikia. Ngitili haichomwi. Kiangazi kikikaza ifungue kipande kwa kipande, uwahamishe ng'ombe kabla hawajafikia udongo, na walipotoka pafunge papumzike mpaka mvua zipite. Samadi ya zizini iache ioze vizuri kisha uipeleke shambani, usiirundike mahali pa wazi ioshwe na mvua. Akiba haiozi, mwanangu. Na kama umekaidi, kesho utanikuta katikati ya nyasi zile, nimekaa kwenye kigoda changu. Uwashe moto na mimi nimo.

Lakini sikukuzaa uwe mwehu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa mali, akujazie zizi, na wanao wanywe maziwa mpaka wayakatae. Amina.