Unga Niliojifunza Kuupima kwa Vidole

Nilikuwa nimesaga nafaka kwa mashine Chang'ombe miaka mingi nilipoanza kusikia vibaya. Mume wangu akiomba chai, namletea chaja. Alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka, akanipeleka hospitali.

Daktari wa masikio, dada mpole, alinichorea sikio kwenye karatasi.

"Mama, humu ndani kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti inatikisa maji yanayozizunguka, vinyweleo vinainama, vijilango vinafunguka na chaji ya umeme inaingia. Hapo seli inaushtua mshipa wa fahamu, nao unapeleka habari kwenye ubongo."

"Zangu zimefanyaje?"

"Kelele za mashine zimeua baadhi. Zilizokufa hazioti tena."

"Na zilizobaki?"

"Hizo tuzilinde."

Njiani mume wangu akasema, "Acha kazi hiyo."

"Siachi. Nitaziba masikio, nitasaga."

Nikanunua vifuniko vya masikio. Tatizo ni kwamba mashine nilikuwa naiendesha kwa kuisikiliza. Wiki ile ile chekeche la ndani ya mashine, linalochuja unga, lilitoboka, nisijue. Mama mmoja wa mtaa wa Nkuhungu akarudi na ndoo yake ya unga wa uwele.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba. Mwanangu, unga huu una chenga. Wajukuu wamekataa ugali."

Niliona aibu. Nikabadilisha chekeche, nikamsagia upya.

Niliporudi kliniki nikamweleza daktari. Akanishika kidole, akabonyeza ncha yake. "Hapa pia kuna vijilango. Ngozi ikibonyea, ncha za mishipa ya fahamu zinavutika, vijilango vinafunguka, habari inakwenda. Hivi vyako ni vizima."

Basi nikaanza mazoezi. Kila asubuhi nilifumba macho, nikasugua unga laini, halafu wenye chenga, nikibahatisha upi ni upi. Nilikosea sana. Sikuacha. Nikajizoeza pia kuweka kiganja kwenye fremu ya mashine ikiwa inazunguka.

Siku moja, katikati ya mtama wa mteja, kiganja kilihisi mtikisiko mgeni. Nikazima umeme. Bolti moja ya mota ilikuwa imelegea, imebakiza mizunguko miwili ichomoke.

Nilipopimwa tena, usikivu wangu haukuwa umeshuka zaidi. Haukupanda pia, daktari hakunidanganya. Mwenzangu ninayepokezana naye zamu alikuwa akidai vifuniko vinamtoa jasho. Nikamwambia asiyevivaa hawashi mashine. Akanuna siku mbili, ya tatu akavivaa.