Mama Aliyetemea Mto Thuchi

Mimi, mwenye macho ya kuona siafu akikonyeza kule Kiirua, nilikuwa darajani Thuchi, mpaka wa Embu na Meru, siku za Imajensi, Mzungu alipotukataza kutembea bila pasi. Mganga wa mawazo alitoka Embu kutibu mama wa Meru aliyekosa usingizi tangu Mzungu atuhamishe kwa nguvu hadi vijiji vya kulindwa.

"Pasi yako ni ya Embu," askari wa daraja akamwambia mganga. "Huku Meru huwezi tibu mtu."

"Sawa, mwanangu."

Mganga akakaa ukingo wa kwao, mama ukingo wetu.

"Mama, tapika shida moja moja. Temea mto."

Mama akataja, akatema, mpaka Thuchi ikafurika. Akaanza kupiga miayo.

Askari akaweka bunduki chini. "Mzee, hata mimi silali."

"Vuka uje, kijana. Lakini kwanza nionyeshe pasi."

Sasa wasomaji, mama alitibiwa Embu ama Meru? Mimi najua alikoroma wakamsikia hadi kule Ruiri.