Siku Beki Alipochinjwa Koboko

Jamani, msicheke. Nilipocheza mpira nilikaba washambuliaji wakali hadi Arua nzima ikaniita Beki. Sasa ni kocha, na vijana wangu nawaimbia kila siku: beki haogopi mtu.

Juzi tulikwenda kucheza Koboko. Mwenyeji wetu, Hajati Zubeda, alinipeleka nyuma ya nyumba nibadilishe nguo. Mara nikamsikia akiuliza, "Beki iko wapi?"

"Iko nyuma ya nyumba," mwanamume mmoja akajibu.

"Funga yeye miguu. Shehe iko nakuja na kisu."

Mwaka jana tuliwafunga papa hapa kwao. Leo zamu yangu kufungwa! Nikakimbilia chooni, suruali mkononi, nikajifungia. Mlango ulipogongwa nikalia, "Mama, msinichinje! Leo tutawaachia mechi!"

Nikachungulia. Timu yangu yote ilikuwa imesimama pale na Hajati.

"Kocha, Beki ni kondoo yangu," Hajati akasema. " Nilipatia yeye jina yako, maana hapana pitisha mutu kwa mlango. Tunachinjia wewe, mgeni."

Beki mwenyewe alilala miguuni pake, amefungwa, ametulia tuli. Aliyelia ni mimi.