Watoto wa Namawala Wasio na Mawazo

Kabla ya siku yangu ya kwanza kazini nilikosa usingizi kwa ajili ya neno moja. Mafunzo ya afya ya akili ya watoto yalikuwa yanaanza hapa Ifakara, wakufunzi walikuwa wametoka nchi za nje, nami, niliyetoka chuo juzi tu, nilikuwa nimepewa kutafsiri dodoso lao. Dodoso ni orodha ya maswali anayoulizwa mzazi. Halisemi mtoto anaumwa nini, linaonyesha tu nani aangaliwe zaidi. Sehemu ya mwisho inahusu uwezo wa mtoto, na swali moja lilitaka kujua kama anabuni mambo mapya. Niliandika "fikra", nikafuta. Nikaandika "ubunifu", nikaona ni neno la darasani mno. Mwisho nikaandika: Mtoto wako ana mawazo mengi?

Mkataba wangu umeisha mwezi huu, na Mratibu wa mafunzo ameniagiza niwaandikie ninyi mnaoingia jinsi kazi ilivyokuwa. Naanza na kosa, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kazi.

Utaratibu unadai tafsiri irudishwe: mtu ambaye hajaona maswali ya asili anayageuza tena kwenye lugha yalikotoka, ndipo mnalinganisha. Mimi nilimpa rafiki yangu wa chuo, ambaye nilikuwa nimeshamsumbua kwa simu juu ya kila neno. Dodoso lilirudi bila doa. Mkufunzi Mkuu, mama mrefu mpole aliyekuwa akimwamkia kila mtu shikamoo, hata mimi, akanisifu mbele ya ukumbi.

Siku ya tatu tulikwenda kijiji cha Namawala kwa mazoezi. Niliketi na Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wa mumewe na sasa analima mpunga. Alijibu kila kitu kwa uchangamfu hadi swali lile.

"Mawazo?" Alinitazama kana kwamba nimemtakia mwanawe mabaya. "Mtoto wa miaka saba awe na mawazo ya nini? Anakula, analala, anacheka. Mwenye mawazo hapa ni mimi, mvua yenyewe inavyosuasua."

"Kwa hiyo niandike hapana?"

"Andika hapana kubwa, mdogo wangu. Na wewe mbona uso umekushuka? Una mawazo?"

Nilikuwa nayo. Pale uani Kulwa alikuwa akiendesha pawatila, lile trekta dogo la kulimia mpunga, aliyoitengeneza kwa mabua na vizibo vya soda, yenye tela na breki ya kamba, na pacha wake Doto alikuwa amegoma kusukuma akidai kwamba injini haisukumwi.

Tuliporudi ukumbini, madodoso yote yalikuwa na "hapana" kwenye swali lile. Mkufunzi Mkuu aliyatazama kwa muda mrefu. "Inawezekana malezi ya hapa hayampi mtoto nafasi ya kubuni," alisema. "Kesho tujadili jambo hili. Linastahili kuingia kwenye ripoti." Ripoti ile ingetumika kufundishia nchi nyingine. Na sentensi hiyo ni mimi niliyeitafsiria ukumbi, kwa sauti yangu, walimu na wauguzi wa hapa waliokuja kufunzwa wakainamisha vichwa.

Usiku ule nilipima la kufanya. Labda akina mama walimaanisha hivyo kweli. Labda nikisema nitafutwa kazi siku ya tatu. Labda nikinyamaza hakuna atakayejua. Labda kukiri mbele za watu nako ni kujitafutia sifa. Niliandaa hotuba nne za kukiri, moja ikiwa na utangulizi.

Asubuhi Mratibu, mzee wa Kipogoro asiyependa maneno mengi, aliona sijakaa tangu kikao kianze.

"Binti, una la kusema au kiti kina msumari?"

Hotuba zote zikanitoka. "Kosa ni langu," nikasema. "Kwetu mwenye mawazo mengi ni mtu mwenye mzigo moyoni. Tumewauliza akina mama kama watoto wao wana huzuni, wakajibu hapana. Watoto wanabuni. Nimeiona pawatila."

Kisha nikamgeukia Mkufunzi Mkuu nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe walitupa habari njema," alisema, "nasi tukataka kuiandika kama upungufu."

Ukumbi ukachangamka. Mwalimu mmoja wa Lipangalala alipendekeza turudi kwenye ubunifu. Muuguzi Mfawidhi wa zahanati akakataa: "Sema mtundu, kila mama ataelewa."

"Ukisema mtundu," mwalimu akajibu, "nusu yao watamwita mtoto aje achapwe."

Tulikubaliana hivi: Mtoto wako hujitungia michezo au kutengeneza vitu vyake mwenyewe?

"Haya," Mratibu akasema, "nani anarudi Namawala?"

Kwa utaratibu wetu, swali likibadilishwa kwenye dodoso halifutwi. Linapigwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, na aliyekosea anaandika jina lake pembeni. Nilivuta rundo lote, nikapiga mstari karatasi baada ya karatasi, na kila pembeni nikaandika majina yangu yote matatu kwa herufi zinazosomeka. Kisha nikayabeba, nikapanda gari la kwenda Namawala.