Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Kra-ko. Ndivyo kitasa cha zamani cha nyumba yao ya mtaa wa Kanyenye kilivyolia, ufunguo ukikwama kidogo katikati kabla haujakubali. Utotoni Thuraya alikisikia jioni nyingi, akiwa amelala kifudifudi mkekani na madaftari ya shule. Akisikia kra-ko alijua ni kaka yake Hamoudi, karudi na treni kutoka Igalula alikokuwa na biashara, na mfukoni mna karanga.

Siku moja baba yao, Mzee Ghalibu, alinunua kitasa kipya cha shaba. Akakitia mlango wa mbele, akawagawia funguo wote waliokuwepo. Ule wa Hamoudi akautundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, aukute akirudi. Kisha nyumba nzima ikaenda arusini Isevya. Hamoudi akarudi asubuhi, akachomeka ufunguo wake wa zamani, ukagoma. Walimkuta barazani jua limeshapanda, kajifunika kikapu kichwani. Bibi Afrah, mama yake Mzee, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ghalibu mwanangu! Umemfungia mtoto ufunguo wake ndani!"

Kesho yake Mzee alikichukua kitasa kile cha zamani, akakitia mlango wa uani, na nyuma ya mlango huo akatundika ufunguo mpya. Mwenye ufunguo wa kale aingie kwa uani, achukue mpya, kisha apite mbele kama wenzake.

Leo Mzee na Bibi wote wamezikwa. Hamoudi alihamia Maskati. Simu zake zikawa za kila mwezi, kisha za Idi, kisha zikakoma. Thuraya bado anaishi nyumba ile ile, kando ya barabara ambayo zamani misafara ilipita ikielekea Ujiji, na kazi yake nayo ni ya mizigo, ingawa mizigo yenyewe haina uzito. Katika ushirika wa asali anatunza programu inayoleta programu nyingine: inapokea vifurushi kwa mtandao, inavifungua, inapanga kila kitu mahali pake kwenye kompyuta za vituo vya kupokelea asali. Vituo vingine vina mashine mpya. Vingine, kama Ulyankulu, vina mashine zilizokaa muda mrefu bila mtandao, na ndani yake limo toleo la kale la programu hiyo.

Msimu ulipokaribia, yeye na mwenzake Masolwa walitoa toleo jipya. Lilifungashwa kwa njia mpya, likawa dogo, jepesi kwa mtandao dhaifu. Walishangilia. Siku moja kabla ya kituo cha Ulyankulu kufunguliwa, simu ikaita. Alikuwa Eustadia, msimamizi wa kituo hicho, mama mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

"Shikamoo, Mama Eustadia."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wenu umefika, ila mashine inasema haijui kuufungua. Hiyo programu inayojua iko wapi?"

"Imo humo humo, Mama."

"Ndani ya mzigo usiofunguka?"

"Ndiyo, Mama."

"Yesu na Maria! Kwa hiyo kesho nipime asali kwa macho? Watu wana ndoo barabarani tayari. Nikiwarudisha, walanguzi wanawangoja pale njia panda, na kwangu hawaji tena."

Masolwa alikuwa anasikiliza. "Dada Thura, la zamani tulizike. Mashine ije mjini tuipangue, tuanze upya."

"Na ndoo za kesho?"

"Ninyi watu wa Kanyenye hamtupi kitu! Kwenu hata kopo la maziwa lina mirathi."

Thuraya alicheka, lakini masikioni mwake kitasa kilikuwa kimeshalia. Akaketi, akatengeneza toleo la katikati, dogo, lililofungashwa kwa njia ya kale, lenye kazi moja tu: kujua kulifungua lile jipya. Kisha akaielekeza kila mashine ya zamani ipitie hapo kwanza. Palipotakiwa jina, akaandika Uani.

Alasiri Eustadia alikuwa kwenye simu, akimsomea kioo cha kompyuta. "Inazunguka... bado inazunguka... nimeshasali Salamu Maria... Eh! Imefunguka, mwanangu!"

Asubuhi alipiga tena, nyuma yake kelele za baiskeli na watu wanaotaniana kwa Kirundi. Ndoo ya mfuga nyuki mmoja, Mzee Tarsisi, ilikuwa imepokelewa, na mzee alikuwa akiibusu stakabadhi yake.

Msimu ulipokwisha, Masolwa alizungusha kiti. "Ulyankulu wamevuka, Urambo wamevuka. Uani hapiti mtu tena, Dada. Nilifute?"

Thuraya alitazama vidole vyake. Vilinuka mafuta ya cherehani. Asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa amekitia mafuta kitasa cha uani, akajaribu mara moja, kra-ko, akaupangusa vumbi ufunguo unaoning'inia nyuma ya mlango.

"Liache," alisema, na Masolwa ilimbidi ainame ili asikie. "Huenda yuko ambaye hajafika."