Ukuta wa Wageni

Nyumbani kwa Tumpale, milimani Ileje, mgeni wa heshima hapokelewi na ukuta wa mwaka jana. Ukisikia anakuja, unasiriba udongo mweupe juu ya michoro ya zamani, kisha unachora upya kwa masizi na udongo mwekundu. Tumpale alifanya hivyo tangu alipoolewa, harusi kwa harusi, kipaimara kwa kipaimara. Alichora, akafuta, akachora tena, mpaka bega likachakaa kabla ya mwenyewe.

Ndiyo maana watu wa Hazina ya Sanaa ya Taifa, wale wanaosaidia wachoraji na kukusanya kazi zao, walipomtembelea alifurahi mpaka akaona haya. Afisa wao, Irene, aliutazama ukuta wa mbele, wenye ng'ombe wakivuka mto, akaahidi kwamba watarudi kukata kipande kile kizima, wakitie kwenye fremu na kukihifadhi Dodoma. Tumpale alijua mkono wake hauna picha nyingine. Angalau hii moja haitafutwa, alijiambia, na mimi nipumzike.

Basi akangoja. Mara mafuta ya gari hayajatoka, mara bosi yuko semina, mara mvua imekata barabara. Serikali ni serikali. Simu ya kusema wanakuja kesho iliita wakati Tumpale yuko hospitali kwa ajili ya lile bega, ikapokelewa na Gwantwa, mke wa mwanawe.

Gwantwa hakupoteza muda. Alijua wageni wanaufuata ukuta, na kwa desturi ya nyumbani ukuta wa wageni ni ukuta mpya. Alisiriba peke yake mpaka jioni, ili mama mkwe akirudi akute pa kuchorea.

Asubuhi Tumpale na gari la Hazina walifika pamoja. Irene alikwangua kidogo kwa ukucha; udongo mpya ukabanduka pamoja na wa chini, rangi na vyote. Akauliza kwa upole kama bibi angeweza kuchora picha nyingine. Tumpale aliinua mkono, ukaishia kifuani. Alikuwa amechoka mwili na roho, hata hasira aliikosa.

Gwantwa alipoelewa alichofanya, alipiga magoti.

"Mama, nilitaka usiaibike mbele ya wageni."

"Najua, mwanangu," alisema Tumpale, akiupapasa ukuta. "Umesiriba vizuri. Hata ufa hauna."

Gari liliondoka tupu. Ukuta ulibaki mweupe mwaka ule wote, na kila mgeni aliyepita aliusifu.