Mpangaji Mwenye Hema

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Albano alikuwa akitoka na karai la maji ya uvuguvugu, anatia konzi moja ya chumvi, anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wake na kutumbukiza miguu. Anakaa hivyo mpaka redio ya mpangaji mwenzake, Margareta, imalize taarifa ya habari. Halafu anaifuta miguu kidole kwa kidole, kama mtu anayefuta vikombe vya wageni, na yale maji anayamwaga palepale, mbele ya kizingiti.

Maneno yalianzia hapo kwenye kumwaga.

"Chumvi kizingitini," bibi aliniambia. "Tena njia ya wote ya kwendea chooni. Raudha, usipakanyage."

Nilipomuuliza Albano mwenyewe, alisema anakomaza ngozi ya nyayo isitoke malengelenge. Nikampelekea bibi jibu hilo. Bibi akacheka kidogo tu. "Kila mchawi ana jibu," akasema.

Bibi ni Bi Zubeida, ndiye mwenye nyumba. Nyumba yetu iko Manzese, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro: vyumba sita vinavyotazamana, ua katikati, na barazani duka la bibi la sabuni, mafuta ya taa na vitu vidogovidogo. Nilikuwa nakaa naye tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nilishinda dukani, na dirisha la nyuma la duka linaona ua wote. Mie si msemaji. Watu wakikuzoea kwamba husemi, wanaendelea na mambo yao kama hupo.

Albano alihamia mwaka tisini na mbili, wakati wa vuli. Mrefu, mkavu, miaka kama arobaini, Mluguru wa Matombo. Hakuwa na mke wala mgeni aliyebisha hodi kwake. Alisema ujana wake wote aliwabebea mizigo wapimaji wa ramani, wanatembea kutoka Kisaki mpaka Mahenge, mwezi mzima wanalala porini. Baadaye akawa fundi wa maturubai kwenye kampuni moja kule Kurasini. Kampuni ikauzwa, wakapunguzwa. Hilo la kupunguzwa tulilikubali, kwa sababu miaka ile kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepunguzwa. Kwetu mume wa Margareta alipunguzwa, akatafuta kibanda cha kukaangia chipsi. Jirani mwingine alinunua mkokoteni. Albano yeye alinunua vitu ambavyo hakuna aliyejua kazi yake.

Mitumba ya Manzese ikifunguliwa, watu hugombania suruali. Albano alikuwa anasimama pembeni mpaka vumbi litulie, ndipo anamwendea muuzaji, kijana mmoja Shomari, anamuuliza amebakiza nini. Shomari anamtolea vile alivyovitupa chini ya meza. Siku moja nilikuwepo, nimetumwa kutafuta gauni. Albano ameshika mfuko mrefu, laini, mnene kama godoro, wenye zipu kuanzia miguuni.

"Hiyo usinunue, braza," Shomari anamwambia. "Hiyo wanazikiwa."

"Wanalalia."

"Analala nani na zipu mpaka shingoni? Hiyo ni sanda ya Kizungu. Kafaulaya yenyewe hasa, nguo ya maiti wa Ulaya! Mwenyewe akija kuidai usiku mie simo."

Albano akainusa, akaikunja, akaichukua. Nilirudi nyumbani nikaeleza nilichokiona. Tangu siku hiyo Margareta hakumruhusu mwanawe kuingia chumba cha Albano hata akiitwa kupewa muwa.

Chumba kilijaa. Kulikuwa na hema mbili zilizochanika, moja ya kijani, nyingine rangi ya kutu. Kulikuwa na mashanta makubwa ya mgongoni yenye mikanda ya kiunoni, jiko la spiriti linaloingia mfukoni, kamba ndefu ya rangirangi, na taa ya kuvaa kichwani kama ya wachimba madini. Mchana anashona. Anapitisha mshumaa juu ya mishono, anamwaga maji, anaingia ndani ya hema na kutazama juu kama inavuja. Buti zake anazipaka mafuta ya ng'ombe mpaka ua unanuka bucha. Na jioni, hili ndilo lililotushinda kabisa, anajaza mchanga kwenye shanta, anajitwika, anatembea mpaka Kimara, anarudi na mchanga uleule.

"Labda hajapata mnunuzi," Margareta alisema, na ua mzima ukacheka.

Bibi hakucheka. Alinituma nikaangalie kama kweli ni mchanga. Nikaenda siku moja Albano alipokuwa bafuni, nikafungua kamba, nikaona mchanga. Lakini mkono sikuuzamisha mpaka chini. Nilipomwambia bibi kwamba ni mchanga, akaniuliza, "Mpaka chini?"

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Albano alianza kucheka na watu. Akamwambia Margareta kwamba huko mjini kuna ofisi mpya ya kutembeza wageni. Wazungu watatoka Bagamoyo kwa miguu mpaka Kilosa, kwa njia ya zamani ya misafara, siku ishirini, wanalala kwenye mahema. Wanataka watu watano wanaojua pori na wanaojua kutunza vifaa. Alikwenda, wakamuuliza maswali, wakaangalia mishono yake, wakamtaka. Kitu kimoja tu kilikosekana: barua ya balozi wa nyumba kumi, inayosema huyu anaishi hapa na ni mtu mwema. Barua hiyo ifike ofisini Jumamosi kabla ya saa sita mchana, isipofika watachukua mwingine.

"Kwa hiyo Mzungu ana gari," Margareta alimuuliza, "anaacha gari, anatembea mpaka Kilosa?"

"Ndiyo, dada."

"Kilosa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Anataka kutembea."

"Kaka Albano, sema unakwenda Sauzi, sie hatutamwambia mtu."

Hata mie nilijua ni uongo. Kwetu mtu alitembea kwa miguu akikosa nauli.

Basi ingekuwa ni kucheka tu, balozi angeandika barua na mambo yakaisha. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili ya wiki ileile duka la Mzee Hashil, mtaa wa pili, lilivunjwa. Waliinua bati, mtu akateremka kwa kamba, akachukua redio mbili na katoni za betri. Asubuhi watu wamejaa pale wanatazama juu kwenye tundu, na kila mmoja anauliza nani ana kamba ndefu mtaani hapa. Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja.

Jioni yake bibi aliniuliza jikoni, polepole, "Albano jana alilala hapa?"

Nikasema hapana. Alitoka Jumamosi mchana na shanta, akarudi Jumapili alasiri. Ilikuwa kweli. Kuna jingine la kweli ambalo sikulisema. Aliporudi alianika hema uani na kukwangua vigingi vyake kwa kisu, na vilikuwa vimeganda udongo mweupe. Udongo mweupe ule kila mtu wa Dar anaujua, unatoka vilima vya Pugu. Nilikaa dirishani nikaona unadondoka vipandevipande, nikaona anaufagia na kuutupa. Bibi hakuniuliza habari ya udongo. Nilijiambia huenda aliupaka makusudi.

Balozi wetu alikuwa Mzee Khalfani, mstaafu wa bandarini, mtu wa daftari. Mgeni akilala kwako usiku mmoja bila kumwandikisha, siku ya pili anakuja mwenyewe na kalamu sikioni. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia na vijana walikuwa wanambishia barabarani, hivyo lile daftari alilishika zaidi kuliko zamani. Alikuja Alhamisi alasiri. Bibi akamtolea kiti uani.

"Shikamoo, mzee," Albano akasema.

"Marahaba. Nimepata ombi lako la barua. Kabla sijaandika nataka kujua namwandikia nani. Toa vitu vyako."

Albano akatoa kila kitu, akavipanga juu ya mkeka. Alikuwa amefurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba avionyeshe. Akasimamisha hema ya kijani palepale uani, bila kumwomba mtu amshikie hata kamba, na kabla chai ya mzee haijapoa ilikuwa imesimama imekazwa kama ngoma. Watoto wakapiga makofi. Mzee Khalfani akavua kofia, akainama, akaingia. Tukabaki tunatazama miguu yake.

"Mna nafasi ya mke humu?" akauliza sauti ikiwa ndani.

"Ya mke ipo, mzee. Ya ugomvi haipo."

Tukacheka wote, mpaka bibi. Mzee Khalfani akatoka anacheka, anajifuta jasho, akaomba avalishwe ile taa ya kichwani. Akaiwasha, akaizima. Margareta akamwambia, "Sasa mzee umekuwa treni." Nikaona mkono wake unaliendea daftari, nikajua barua imepatikana. Albano pia alijua, kwa sababu alikwishaanza kuchomoa vigingi.

Mzee akaishika ile kamba. Akaipima kwa mikono, pima baada ya pima.

"Usiku wa kuamkia Jumapili ulikuwa wapi?"

"Pugu, mzee."

"Kwa nani?"

"Msituni. Nilikuwa najaribu hema. Nilitaka kuona umande utaingia wapi."

"Una chumba."

"Ninacho."

"Umekilipia."

"Nimekilipia, mwulize Bi Zubeida."

"Una chumba, una kitanda, umekilipia, ukaenda kulala chini msituni. Peke yako." Mzee Khalfani alisema taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Na hukumuaga mtu. Hukuniarifu mimi, wala balozi wa huko ulikolala."

Albano alikuwa bado ana kicheko cha mwanzo mdomoni. "Huko ningemwarifu nani, mzee wangu? Balozi wa nyani?"

Mtoto mmoja akacheka peke yake.

Mzee Khalfani alivua ile taa kichwani, akaiweka juu ya mkeka kwa uangalifu. Akafunga daftari. Akavaa kofia yake. "Basi huyo nyani," akasema, "ndiye akuandikie barua."

Albano alimfuata mpaka nje. Nilimsikia akiomba radhi, anasema, ilikuwa mzaha, mzee, nisamehe mwanao. Mzee anajibu kwamba hana neno, ila kuna mali ya watu imepotea na yeye hawezi kumwandikia wema mtu ambaye hajui analala wapi. Uchunguzi ukiisha wataonana. Uchunguzi gani, hakusema. Polisi hawakuwa wamefika hata siku moja.

Ijumaa baada ya sala Albano alikwenda tena kwa balozi. Aliambiwa arudi Jumatatu. Akarudi kwa bibi, akapiga magoti barazani, mtu mzima mwenye ndevu.

"Mama, wewe sema neno moja tu. Atakusikiliza. Sema umenijua karibu mwaka mzima, sijakuibia hata kijiti cha kiberiti."

"Hujaniibia," bibi akasema. "Lakini usiku ule hukuwepo. Niseme ulikuwepo?"

"Sema nilikuwa Pugu."

"Nilikuona Pugu mie?"

Akageuka akanitazama. Nilikuwa nyuma ya kaunta napima mafuta ya taa ya mteja. Anajua ninakaa dirishani, si mjinga. Nadhani alijua niliona anavyokwangua vile vigingi. Hakuniuliza. Alingoja, na mie nikaendelea kumimina mpaka kopo likafurika na mteja akapiga kelele.

Nimejiuliza kwa nini sikusema. Sababu moja ni bibi, huwezi kumrekebisha mbele ya mpangaji. Lakini nyingine ni kwamba bado nilikuwa simwamini. Mtu mwenye chumba kwenda kulala kwenye umande apime hema yake, kisha alipwe kwa kutembea! Nikiufikiria udongo ule nauona, lakini nikiifikiria Kilosa siioni.

Jumamosi alikaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi. Hakushona. Redio ya Margareta ilipotangaza saa sita, aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Margareta akampelekea sahani ya wali, akagonga, akaiacha juu ya kigoda. Sahani ilishinda pale na nzi wake.

Jumapili, kweupe kabisa, wanawake wanafua uani, mlango ukafunguliwa. Chumba nyuma yake kilikuwa kimefagiliwa. Yale mahema na mashanta mengine alikuwa ameyafunga marundo mawili, akayaweka mlangoni kwa Margareta na kumwambia kwamba Shomari atayapitia. Yeye alibeba shanta moja na ile hema ya kijani imefungwa juu yake. Ufunguo akampa bibi mkononi.

"Sasa unahamia wapi?" bibi akauliza.

"Sihami, mama. Nakwenda Kilosa."

"Si walishachukua mwingine?"

"Wamechukua. Njia hawakuichukua."

Bibi akautazama ufunguo, akautia kwenye fundo la kanga. Margareta akamkimbilia mpaka mlango wa mbele, mikono ina povu. "Kaka Albano, utalala wapi leo?" Akamjibu kwamba hajui bado, na alijibu kama mtu anayetoa habari njema.

Niliacha duka wazi, nikatoka barazani. Alikata kona, akatokea barabara ya Morogoro, akaelekea juu, upande wa Ubungo. Kituoni kulikuwa na basi limesimama. Kondakta alimwita, akamwonyesha nafasi ya kuweka mzigo. Albano akamwinulia mkono na kupita, hatua zilezile ndefu, hakukimbia wala hakugeuka, mpaka lori la mbao likaja kati yetu, na lilipoondoka sikumwona tena.

Jioni Mzee Khalfani alikuja na daftari. Aliuliza kama mpangaji yupo. Bibi akasema ametoka asubuhi.

"Kasema anarudi lini?"

"Hajasema."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona sasa?" akasema, akaandika.